Chai ya Kamati ya Unga

Katika nyumba yetu ya lokesheni, mtaa wa Waafrika wa Eldoret, unga haukuingia kwenye sufuria kabla mama hajauonja mbichi. Alichukua kidogo kwa vidole vitatu, akauweka kwenye ulimi, akafunga macho. Sisi tulingoja. Akimeza, moto unakokwa. Akitema, tunajua uji wa siku hiyo utakuwa mwepesi na maneno yatakuwa mengi.

Tangu nitoke pale nimepanga vyumba katika miji mingi, Kitale, Nakuru, Jinja, hadi Voi kwenye vumbi jekundu, na kila mahali wenye maduka wamenicheka kwa sababu nami huonja unga kabla sijaununua. Mmoja wa Nakuru aliniuliza kama nimetumwa na serikali. Nikamjibu kwamba niliwahi kutumwa, lakini na walaji, na kwamba kazi hiyo niliiharibu kwa kikombe kimoja cha chai. Akadhani natania, akanifungia unga wangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Wakati huo mahindi yalikuwa na njia moja tu ya kupita. Mzungu mwenye shamba Kesses au Turbo aliyapeleka stesheni kwa bei iliyopangwa, yakaingia stoo ya serikali, yakatoka kwenda kwa mwenye mashine ya kusaga, na unga ukaja kwenye duka moja la lokesheni, bei yake imeandikwa kwenye kibati mlangoni. Kwetu, ng'ambo ya mto Kipkaren, ghala la babu lilikuwa na mahindi meupe hadi juu, lakini kuyaleta mjini kulihitaji kibali, na kibali kilichukua wiki nyingi kama kilitoka kabisa. Darajani kulikuwa na kizuizi. Askari walishika chuma kirefu chenye ncha, na walichoma mzigo wa kila mtu kutafuta punje. Ukibeba ndizi, zinachomwa. Ukibeba nguo za mtoto, zinachomwa pia.

Sitaki kusema kwamba mpango wote ulikuwa mbaya. Baba alikumbuka mwaka wa njaa, na alisema kwamba bila ile stoo wengi wa lokesheni wangezikwa. Ubaya aliouona yeye ulikuwa mwingine. Kulikuwa na kamati iliyopanga bei na aina ya unga wa kutuuzia, na waliokaa mezani walikuwa wenye mashamba, msagaji, wafanyabiashara na mkubwa wa serikali. Hapakuwa na hata mmoja aliyekula kile walichokipanga. Wao walikula mkate.

Mwaka ninaousimulia, baada ya mvua ndefu, unga ulikuja mchungu. Ulikuwa na rangi ya majivu, na gunia likifunguliwa dukani harufu ya uvundo ilifika barabarani. Mama aliuonja, akatema, akasuuza mdomo mara mbili.

"Haya mahindi yalilala majini," alisema.

Tuliula hata hivyo. Mtu mzima hujilazimisha. Lakini dada yangu mkubwa, aliyeishi safu mbili kutoka kwetu, alikuwa na binti mdogo aliyekuwa akiachishwa ziwa, na mtoto huyo hakuweza kukaa na ule uji tumboni. Dada aliuchuja kwa kitambaa, akaongeza maziwa, akauchemsha mara ya pili. Mtoto alikunywa, akatapika, akalala. Kila Jumamosi mama alimbeba na kusema tu, "Amepungua."

Shemeji, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka grisi magurudumu ya mabehewa stesheni, alitaka mke ampeleke mtoto nyumbani kwenye mahindi meupe. Dada alikataa. Vyumba vya watu wenye wake vilikuwa vichache lokesheni, na yeye alikuwa amengoja miaka mitatu kupata kile. Sheria ilikuwa kwamba mke akikosekana mwezi mmoja, chumba kinapewa anayefuata kwenye orodha, na mume anarudishwa kulala na makapera.

"Nikienda, sirudi," alituambia jikoni kwa mama. "Mtoto atakuwa na bibi na babu na ng'ombe, lakini hatakuwa na baba. Nirekebishieni huu unga."

Siku hizo hizo ikaja amri kutoka juu kwamba kila kamati ya mazao iongezewe mtu mmoja wa kuwasemea walaji. Karani wa lokesheni aliita baraza kwenye uwanja wa mpira. Alikuwa na jina tayari mfukoni, la mwalimu mmoja aliyejua Kiingereza kizuri.

"Mwalimu anakula shuleni!" mama mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Tunataka mtu anayenunua!"

"Anayenunua au anayepika?" mwingine akauliza. "Maana wanaume wa hapa unga wanauona ukishakuwa ugali."

Wanaume walicheka, wengine kwa aibu. Karani akasema kwamba kamati haikubali wanawake, na kwamba akina mama wakae chini. Hawakukaa. Wakasema basi apelekwe baba yangu, fundi wa mbao, kwa sababu alikuwa na vinywa vingi nyumbani na alijulikana kubeba gunia lake mwenyewe kutoka dukani. Nadhani walimchagua pia kwa sababu ya mke wake. Walijua ni ulimi wa nani utakaomwambia la kusema. Mimi niliwekwa kuwa mkalimani. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nimetoka sekondari kidato cha pili, naandika barua katika ofisi ya kiwanda cha magome ya miti ya kutengenezea ngozi, na nilikuwa na koti.

Baba alijiandaa kwa wiki mbili. Aliifunga konzi ya unga mchungu katika leso nyeupe ya mama. Akanieleza atakavyofanya, na hakuniambia jipya, kwa kuwa kila mtoto wa kwetu anaijua desturi hiyo. Mtu mwenye malalamiko juu ya boma la mwenziwe huja asubuhi na kusimama uani. Akipewa kiti, hakai. Akipewa maji, hanywi. Husimama hivyo hadi maneno yake yasikike. Akikubali chakula cha mwenye boma, basi amekuwa mgeni, na mgeni hawezi kulisema vibaya boma siku ile. Itabidi aende zake arudi siku nyingine.

"Kwa wazungu itakuwa rahisi," baba alisema. "Hao hata kiti hawatatupa."

Tulikuwa tumejiandaa kudharauliwa. Heshima hatukuifikiria.

Chumba cha kamati kilikuwa nyuma ya ofisi ya serikali, kina meza ndefu na madirisha yanayotazama miti ya mikaratusi. Mwenyekiti alikuwa mzungu mrefu, masharubu yake ya mvi. Kulikuwa na Kaburu mwenye shamba upande wa Burnt Forest, mtu wa mikono mikubwa iliyopasuka kama ya baba, na msagaji, na wengine ambao sura zao zimenitoka. Mwenyekiti alinyanyuka tulipoingia. Alivuta kiti kwa mkono wake.

"Karibu, Mzee. Kaa kitako."

Baba akasema atasimama. Nikatafsiri. Mwenyekiti akatabasamu na kuacha.

Kisha tarishi akaleta sinia. Mwenyekiti akamimina chai mwenyewe, akaweka kipande cha mkate wenye jemu pembeni ya kisahani, akazunguka meza yote hadi alipokuwa baba, akamnyooshea.

"Sukari ngapi, Mzee? Mimi tia mbili?"

Baba hakupokea. Mkono wa yule mzungu ulikaa hewani, na kikombe kikaanza kulia kidogo juu ya kisahani. Wote walikuwa wakitutazama. Kaburu alikunja uso. Nami, ndani ya koti langu, niliona tunavyoonekana: watu wawili wa lokesheni wasiojua hata kupokea kikombe. Nikainama sikioni mwa baba nikasema kwa lugha yetu, "Baba, chukua. Ni desturi yao tu. Haina maana."

Akageuka kunitazama. "Haina maana?"

"Haina."

Mimi ndiye niliyesoma. Aliniamini. Akapokea, na kwa kuwa alikuwa na kofia mkono wa pili na leso kwapani, ikambidi akae. Aliinywa chai yote na kuumaliza mkate, maana kwetu kuacha nusu ni kumtukana aliyekupa. Mimi pia nilikunywa. Ilikuwa chai nzuri, nzito kwa maziwa.

Walizungumza kuhusu magunia na mabehewa na bei ya msimu ujao. Nilimnong'oneza baba nilichoweza. Halafu mwenyekiti akasema sasa ni zamu ya walaji, na angependa kusikia kama wana neno juu ya unga.

Baba alisimama. Leso ilikuwa mkononi, na niliona kidole gumba chake kikipita juu ya fundo mara kadhaa, kama kinatafuta pa kuanzia. Hakulifungua.

"Tunashukuru kwa chai," alisema. "Unga tunaula. Yaliyobaki nitayasema siku nyingine."

Nikatafsiri hivyo hivyo. Ningeweza kuongeza. Nilikuwa na Kiingereza cha kutosha kusema mtoto wa dada yangu anatapika. Lakini mkalimani, kama nilivyofundishwa, ni yule asiyeongeza wala kupunguza, na nadhani pia niliona fahari kidogo kwa jinsi kikao kilivyokwenda bila aibu. Karani wa kamati akaandika, na kwa kuwa nilikuwa karibu niliyasoma maandishi yake: mwakilishi wa walaji ameshukuru, hana malalamiko.

Tulirudi kwa miguu hadi daraja la Sosiani. Hapo baba akaniambia, "Kesho."

Alimaanisha hivyo hivyo. Kesho yake asubuhi aliomba ruhusa kazini, akaenda kusimama uani mwa ile ofisi na leso yake. Mimi nilikuwa kiwandani; habari nilizipata kwa tarishi. Alisimama hadi saa sita. Mwishowe karani akatoka.

"Mzee, unangoja nini?"

"Nangoja kamati. Nilisema nitarudi."

"Kamati ni baada ya miezi mitatu! Unadhani ni duka la unga, linafunguliwa kila siku?"

Waliokuwa kwenye foleni ya vipande vya utambulisho walicheka. Baba akarudi kazini kwake. Kwetu siku nyingine ni kesho, au keshokutwa kama mvua imenyesha. Miezi mitatu hatukuwa tumeiweka kwenye hesabu yetu.

Dada alingoja wiki mbili zaidi. Mtoto alipoanza kuvimba miguu, alifunga sufuria mbili na blanketi. Tulimsindikiza hadi mahali lori la kwenda Kipkaren lilipopakia abiria. Tayari lokesheni nzima ilijua habari ya chai, kwa kuwa tarishi alikuwa na mdomo. Watoto walimwita baba Mzee Chai. Dada alipanda, akampokea mtoto kutoka kwa mama, halafu akamtazama baba kutoka juu ya lori.

"Ulikunywa chai yao," alisema. "Ulimbeba mtoto wangu kwenye leso, ukakaa ukanywa chai."

Baba alikuwa ameivua kofia. Hakunigeukia hata mara moja, na hapo ndipo nilipojua kwamba hatasema. Nilikuwa na nafasi nzuri ya kufungua mdomo wangu. Lori liliwashwa, dereva akapiga honi, na nafasi ikapita. Nimekuwa nikiirudia nafasi hiyo katika kila mji.

Kikao cha pili, baada ya miezi mitatu, mama alipika ugali wa ule unga alfajiri, akaufunika kwa majani ya mgomba na kuuweka kwenye kikapu. Baba aliingia nao. Mwenyekiti akavuta kiti, baba akasimama. Sinia likaja, mwenyekiti akamimina.

"Mzee, kuna ubaya gani na chai yangu leo?"

"Chai yako ni nzuri," baba alisema. "Ndiyo maana siwezi kuinywa."

Nilitafsiri, na safari hii nikaeleza na sababu, bila kuombwa. Baba akafunua ugali, akausogeza katikati ya meza juu ya karatasi zao. Ulikuwa wa kijivu na umepasuka juu. Harufu yake ikafika mbele yao kabla ya maneno yoyote.

"Huu ndio mnaotuuzia. Mimi nimesimama. Nyinyi kaeni mle."

Mwenyekiti alitazama madirishani. Msagaji alitafuta kitu mkobani. Ni yule Kaburu aliyenyoosha mkono, akamega tonge kama mtu aliyewahi kula ugali utotoni, akatafuna, akasimama, akaenda kutema nje. Aliporudi alikuwa mwekundu. Hakuwa na hasira na baba. Aligombana na msagaji na mtu wa stoo kwa Kiingereza na kwa lugha yake, akipiga meza, kwamba mahindi hayakutoka shambani kwake yakiwa hivyo. Nilichoelewa ni kwamba stoo moja ilivuja, wenyewe walijua, na waliona kwamba mahindi hayo yangefaa kwa watu wa lokesheni.

Unga ulibadilika kabla ya mwezi kwisha. Mama aliuonja, akameza. Akina mama walikuja mlangoni kwetu kumsalimu baba, na jina la Mzee Chai likaisha. Aliendelea na kamati ile miaka kadhaa, kila kikao amesimama, na tarishi akazoea kumpita na sinia.

Lakini chumba cha dada kilikuwa kimeshapewa watu wengine. Shemeji alilala na makapera hadi alipostaafu reli, akienda nyumbani mwisho wa mwezi na zawadi ya mkate. Mtoto alipona kwa mahindi ya babu. Alikua akimwita baba yake "mgeni wa mkate," na watu walicheka, na shemeji alicheka pia, lakini si sana. Dada na baba walisalimiana kwa mkono tu kwenye matanga na arusi. Baba akimtembelea, dada alimpikia, alimtandikia kitanda, na hakukaa naye kuongea. Baba alifariki mwaka mmoja baada ya bendera kubadilishwa.

Mimi niliondoka Eldoret muda mfupi baada ya kikao kile cha pili. Watu husema nina miguu isiyotulia. Kila baada ya miaka miwili au mitatu huwa napita Sisibo, kama tunavyoiita Eldoret, nikiangalia kama mabati ya lokesheni bado yapo, kama duka bado lina kibati chake, halafu napanda gari kabla mtu hajanitambua.

Mwaka huu sikupanda. Nilivuka Kipkaren, daraja bila kizuizi, nikafika kwa dada karibu na saa kumi. Shemeji hakuwapo siku hiyo; dada alikuwa ameketi uani na ungo. Nywele zake ni nyeupe sasa. Binti yake, yule aliyekuwa akitapika, alikuwa amemtembelea na mtoto wake, na alitoka jikoni kunipa mkono, mwanamke mrefu mwenye afya.

"Huyoo! Leo umetokea nchi gani?" dada alisema. "Keti basi. Mbona umesimama kama askari wa darajani?"

"Sikai, dada."

"Maji?"

"Sinywi."

Akauweka ungo chini. Yeye ni mtoto wa kwetu, hakuhitaji kuelezwa. "Sema," alisema.

Nikasema. Mkono wa mwenyekiti uliokaa hewani, koti langu, maneno niliyomnong'oneza baba, na jinsi alivyoniuliza nami nikamjibu. Sikuchukua muda mrefu. Jambo la miaka zaidi ya ishirini liliisha kabla kuku hawajamaliza pumba zilizomwagika.

"Ulimwambia haina maana."

"Ndiyo."

"Na pale kwenye lori, alijua ni wewe."

"Alijua."

"Hakusema."

"Hakusema."

Alitazama mikono yake iliyokuwa na unga. "Nilimpa mkono kama mgeni hadi akazikwa," alisema. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Wakati anazikwa? Nilikuwa Voi."

"Voi," alisema, kama jina la ugonjwa.

Binti yake akatoka na vikombe vya chai. Dada aliinua kiganja bila kugeuka. "Rudisha kwanza." Yule mwanamke akatutazama sisi wawili, akarudi ndani. Dada akachukua ungo akaendelea kupepeta, nami nikaendelea kusimama. Jua lilishuka. Kivuli cha ghala kilitambaa uani hadi kikafika kwenye viatu vyangu, na miguu yangu, ambayo kila mtu husema haitulii, haikwenda popote.

Hatimaye alichukua unga kidogo kwa vidole vitatu, akauweka kwenye ulimi, akafunga macho. Akameza. Akaita jikoni wakoke moto.

Hakuniambia nikae. Lakini nilimwona akipima unga kwenye bakuli. Wao walikuwa watatu, yeye, binti na mjukuu, na alipima wa watu wanne.